Kiwanja, Mkuyu na Karatasi: Himo Tunayoikumbuka na Himo Iliyoandikwa

(Mazungumzo ya kamati ya kumbukumbu kwenye hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani, Dar es Salaam)

 

Tumepewa dakika ishirini kabla ya chakula, nasi tunajua mtu anayesimama kati ya watu na nyama hapendwi. Lakini mlitutuma wenyewe. Mtakumbuka mkutano wa mwaka jana ulivyoishia. Tulikuwa kwenye ajenda ya shule yetu ya msingi, tukafika kwenye kiwanja cha mpira, na hapo mkutano ukashika moto. Mzee mmoja alisema kiwanja kinafika mtoni, kwenye mkuyu mkubwa. Mwingine akasema hapana, kinaanzia barabarani kinaishia kwenye mkuyu. Wa tatu akasema wote wawili walikuwa wachunga mbuzi, hawakusoma pale. Tulicheka, lakini wakati tunacheka, upande wa barabarani vibanda vya biashara vilikuwa vimeshaingia kiwanjani, na upande wa mtoni kulikuwa na watu tayari kwenda kung'oa uzio wa jirani. Ndipo kijana mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Wazee wangu, karatasi iko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Tukateuliwa sisi wanne tukaitafute hiyo karatasi: wahasibu wawili, mwalimu mstaafu mmoja, na dereva mmoja wa lori anayelala Holili siku tatu kwa wiki. Tunachosema leo ndicho tulichokipata, pamoja na kile ambacho hatukutaka kukipata.

Tuanze na desturi ya kazi yetu. Mhasibu haamini daftari lake peke yake. Kila mwisho wa mwezi analiweka daftari upande huu na taarifa ya benki upande ule, anapitia mstari kwa mstari. Zikitofautiana, hasemi benki ni waongo, wala hasemi mimi nimesahau. Anatafuta tofauti imetoka wapi. Basi tuliamua kumbukumbu zetu za utotoni ziwe daftari, na ramani na picha za zamani ziwe taarifa ya benki.

Ramani ya kwanza tuliyoitafuta ilituchekesha. Wamisionari Rebmann na Erhardt waliichora, ikachapishwa Ujerumani mwaka 1856. Huyu Rebmann ndiye aliyekuja Kilema kwa Mangi Masaki mwaka 1848, na tarehe 11 Mei mwaka huo akaiona theluji ya Kibo, wasomi wa Ulaya wakambishia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ukiitazama ramani yao utaona bara zima lina ziwa moja kubwa ajabu, lina umbo la konokono asiye na nyumba. Walisimuliwa na wafanyabiashara wa pwani waliokwenda bara kwa njia mbalimbali. Kila mmoja alikuta maji mwisho wa safari yake, nao wakadhani ni maji yale yale. Kumbe yalikuwa maziwa matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Walichukua akaunti tatu wakaziandika kama moja. Wasimulizi hawakudanganya hata mmoja, na ramani ilikosea vilevile. Hilo tulilikumbuka baadaye tulipofika kwenye kiwanja chetu.

Kwenye ramani za Wajerumani za baadaye, jina Himo lipo, lakini ni jina la mto. Mji hakuna. Aliyetoka Taveta kwenda Marangu ilimbidi auvuke mto Himo, ndiyo maana kila msafiri aliuandika. Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alipitia njia hiyo ya Taveta kwenda kwa Mangi Marealle wa Marangu. Hapa kwetu wakati huo ilikuwa ni mahali pa kupita. Wachaga walikaa juu, kwenye vihamba vyenye migomba na maji ya mifongo. Chini waliteremka kulima, kukata majani na kuwinda, jioni wakapanda tena. Walikuwa na sababu: huku chini kulikuwa na homa ya malaria na kulikuwa na vita vya mifugo. Wale wa Kilema, Kirua, Mamba, Mwika na Marangu wanaopenda kututania kwamba watu wa Himo hatuna kihamba, tunakubali. Mji wetu ulizaliwa na njia, haukuzaliwa na mgomba.

Tulipokuwa shule tuliambiwa kwamba malkia wa Uingereza alimpa mfalme wa Ujerumani Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka umepinda. Hadithi tamu, watalii wanaipenda mpaka leo, lakini si kweli. Kilichopo ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Mstari ulitoka pwani kwenye mdomo wa mto Umba, ukaenda ziwa Jipe, ukavuka mto Lumi, ukapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, ukauzunguka mlima kwa kaskazini, kisha ukanyooka hadi ziwa Viktoria. Sikilizeni neno hilo: katikati. Waliokaa mezani Ulaya hawakuwa wamepima kitu. Walijua tu kwamba huku kuna watu wanaoitwa Wachaga na kule kuna watu wanaoitwa Wataveta, wakasema gaweni katikati. Shangazi zetu walioolewa Taveta wakawa watu wa nchi nyingine bila kuhama nyumba. Na Himo ikawa kituo cha mwisho kikubwa kabla ya mpaka.

Sehemu ya vita tutaipita haraka. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na wakati wa vita walikuwa na kambi kwetu. Kwenye ramani za kijeshi imeandikwa kwa Kijerumani "Unterer Himo", yaani Himo ya Chini. Machi 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilipita pengo la Taveta baada ya mapigano ya Latema na Reata, likaingia Moshi, na tarehe 21 mwezi huo wakapigana Kahe. Wapagazi wa jeshi la Waingereza waliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ninyi mnaofanya biashara Kariakoo, mnalitamka jina lao kila siku asubuhi. Kwenye ramani hizo kuna vilima na vituo vilivyopewa majina ya ajabu, kimoja kimepewa jina la mmea wa utomvu mweupe walioukuta hapo. Mgeni huandika kile anachokiona. Majina ambayo wenyeji walikuwa wanayatumia hayakuandikwa, na wenyeji hao hawapo tena wa kuwauliza.

Picha za zamani ndizo zilizotuliza kidogo. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, wakafungua kituo cha Mamba mwaka 1894, walipiga picha nyingi sana. Siku hizi yeyote anaweza kuziona kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, bila kulipa senti. Jaribuni usiku mmoja, mtachelewa kulala. Mtaona migomba, mifongo, nyumba za majani zilizochongoka, wanaume wamesimama na mikuki, wanawake na mizigo yao. Lakini wengi wamepigwa picha bila majina. Mzungu ana jina, mlima una jina, mama aliyebeba ndizi ni "mwanamke wa Kichaga" tu. Inawezekana kabisa ni bibi wa mtu aliyeketi humu ndani, na hakuna njia ya kujua.

Kuna jambo jingine ambalo picha zimelithibitisha. Tulipokuwa watoto, asubuhi na mapema ukisimama Himo kabla vumbi halijaamka, Kibo ilikuwa nyeupe, na tulibishana kama ni theluji ileile aliyoiona babu. Mwaka 1912 Mjerumani Fritz Klute aliipima barafu ya Kibo, ikawa kama kilometa za mraba 12. Ilipopimwa kwa picha za satelaiti mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Basi wazee wanaposema "mlima haukuwa hivi," hapo daftari na taarifa ya benki zinakubaliana. Tungependa zisikubaliane.

Sasa turudi kwenye utoto wetu wenyewe, ambako wenye kamati tuna kumbukumbu nyingi kuliko karatasi.

Wengi wetu tulizaliwa karibu na mwaka 1980. Mpaka ulipofungwa Februari 1977 hatukuwepo, na ulipofunguliwa Novemba 1983 tulikuwa watoto wa kubebwa mgongoni. Lakini tulikua ndani ya hadithi zake. Kila nyumba ya Himo ilikuwa na mtu aliyewahi kupita usiku porini na kahawa au ng'ombe kwenda upande wa pili, akarudi na sabuni, Kimbo na nguo. Mama mmoja alituambia kwamba kipande kimoja cha sabuni kilikuwa kinakatwa kwa uzi ili kitoshe familia tatu. Serikali iliita magendo. Watu waliita kwenda kwa shangazi. Hatusemi nani alikuwa sahihi, tunasema tu kwamba hakuna aliyeandika, kwa sababu nani ataandika kosa lake? Na wale waliotembea usiku ule sasa wana miaka sabini na kuendelea.

Kumbukumbu yetu wenyewe inaanzia kwenye vumbi na upepo. Siku ya soko akina mama walianza kuteremka alfajiri kutoka juu, kila mmoja na mkungu kichwani, wakitembea ile miendo ya haraka isiyo kukimbia, migomba ikiwa imewaachia madoa meusi kwenye kanga ambayo hayatoki hata ufue na nini. Walirudi na mahindi, chumvi na mafuta ya taa. Sisi watoto wa chini tulikaa kando ya barabara tukihesabu malori. Wengine wetu hesabu tulianzia hapo. Mabasi ya kwenda Moshi na Dar yalikuwa yakisimama Njia Panda, na ukiwa na ndizi mbivu au mayai ya kuchemsha ilibidi ujue basi lipi abiria wake wana njaa. Basi la kutoka Dar abiria wamechoka, wananunua bila kubishana. Basi la kwenda Dar wamefungiwa chakula na mama zao, hao usiwapotezee muda.

Jumamosi ilikuwa siku ya shamba. Wenzetu wa juu walikuja na majembe, kwa sababu mashamba yao ya mahindi na maharage yako huku tambarare, na jioni walipanda mlima na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, huwaoni, unaona majani yanatembea. Na mto! Tuliogelea Himo, tukafua hapo, tukanywa hapo hapo, na tuko hai. Tulikatazwa jambo moja tu: ukiona mawingu meusi juu Marangu, toka majini, hata kama kwenu jua linawaka. Maji ya mlimani hayapigi hodi. Tulimpoteza mwenzetu mmoja kwa namna hiyo, tukiwa darasa la nne. Wazazi wake wako humu ndani leo, na wametupa ruhusa ya kulisema.

Na kiwanja. Kila mmoja wetu kwenye kamati anakikumbuka kiwanja kile kikiwa kikubwa kama uwanja wa taifa. Tulicheza kutoka barabarani hadi mtoni. Mkuyu ulikuwa ndani ya kiwanja, tunakumbuka vizuri, kwa sababu mpira ukigonga shina uliendelea kuwa mchezoni. Eneo zima linaitwa Makuyuni, jina linajieleza lenyewe, kwa hiyo mkuyu mmoja kuwa wetu halikuonekana jambo kubwa. Tulikuwa na uhakika kabisa. Tulitafuta karatasi ili kuthibitisha tu.

Tulipata ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000. Tulifurahi mpaka tulipoikunjua mezani. Kwa kipimo hicho milimita moja ya karatasi ni mita 50 ardhini. Kiwanja cha mita 100 ni upana wa punje moja ya mchele. Mstari wa kalamu ya kawaida unafunika nyumba, uzio na ugomvi wenyewe. Ramani ile inakuonyesha mto, barabara, vilima na mahali penye makazi, lakini haiwezi kuamua kesi ya majirani. Zipo picha zilizopigwa na ndege, ambazo ramani za namna ile huchorwa kwazo, na hizo zinaonyesha hata mti mmoja mmoja. Maombi ya nakala tumeshayapeleka. Wakati tunasubiri, tukafanya jambo ambalo tungelifanya mwanzo: tukaenda kwa watu kuomba picha za ukutani na za kwenye masanduku.

Picha ya kwanza iliyotusaidia ilikuwa ya harusi ya mwaka 1986, tarehe iko nyuma kwa kalamu ya wino. Bwana na bibi harusi wamesimama mbele ya pikapu iliyopambwa kwa maua, na nyuma yao, bila mpigapicha kukusudia, kuna goli la miti la kiwanja chetu, na nyuma ya goli barabara. Tulikwenda na picha ile mkononi, tukasimama pale alipokuwa amesimama mpigapicha. Goli lilikuwa mahali ambapo leo kuna vibanda. Upande wa barabarani, basi, daftari letu liko sawa. Kiwanja kimemegwa, na hatuna haja ya kupiga kelele. Tunayo picha.

Picha ya pili tuliipata kwa bibi mmoja anayekaa upande wa mtoni, yule yule ambaye uzio wake watu walitaka kwenda kuung'oa. Jina lake hatutalitaja kwenye kijitabu, lakini wa nyumbani mmeshamjua. Tulikwenda kwake kwa unyonge, maana anajua tulivyosema mkutanoni. Alitukaribisha, akatupa chai, akatuuliza habari za mama zetu mmoja mmoja kwa majina. Halafu akasema, "Wajukuu wangu, nilijua mtakuja. Nilikuwa nangoja tu mje na miguu, msije na mapanga."

Akatoa kisanduku cha biskuti. Ndani kulikuwa na picha ya wanafunzi wa darasa la saba mwaka 1974, wamepangwa mistari mitatu, wengine pekupeku. Nyuma yao mkuyu. Na kati ya wanafunzi na mkuyu kuna mstari wa masale umeota kama ukuta, na nyuma ya masale ni mahindi. Wa nyumbani hamhitaji kuelezwa, lakini kwa wageni wetu: sale ni mmea ambao Wachaga huupanda kuonyesha mpaka. Hauhitaji sahihi wala muhuri. Mumewe aliyaleta masale yale kutoka kihamba cha baba yake huko juu, yakashika kwa sababu ya unyevu wa mto. Mwaka 1974 mkuyu ulikuwa ndani ya shamba lake.

Tulimuuliza, mbona sisi tulicheza pale? Akacheka. Mwaka mmoja mahindi yaliungua kwa ukame, mume wake akaona watoto wanabanana kwenye kiwanja kidogo, akamwambia mwalimu mkuu, waache watoto wafike mpaka kwenye mti, nitalima tena mvua zikirudi. Alisema kwa mdomo, mwalimu akashukuru kwa mdomo. Mvua zilirudi, mzee hakulima. Aliendelea kuazima mpaka alipofariki. Tuliocheza miaka ya themanini na tisini tulikuta kiwanja kinafika mtoni, tukadhani kimekuwa hivyo tangu Mungu aumbe. Hakuna aliyetudanganya. Kila mmoja alisema kweli ya alichokiona, kama wale wasafiri wa ziwa konokono, nasi karibu tumnyang'anye mjane shamba kwa kweli hiyo.

Tulikaa kimya muda mrefu kidogo. Mwalimu wetu mstaafu, ambaye ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote mkutanoni, alitoka nje. Tulidhani amekwenda kuvuta hewa. Alirudi na jani la sale alilolikata pale pale mpakani, amelifunga fundo, akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi alilipokea. Mnajua kwa mila zetu aliyepewa sale hawezi kukataa kusamehe, lakini bibi alituambia alikuwa ameshasamehe kabla hatujamaliza chai.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, taarifa yetu ni hii. Upande wa barabarani kiwanja ni cha shule na ushahidi tunao. Tumezungumza na wenye vibanda. Wanne kati yao wamekubali kusogea bila ugomvi wakipewa muda hadi baada ya sikukuu, na waliobaki tunaendelea kukaa nao. Upande wa mtoni si wa shule na haujawahi kuwa. Bibi amesema yuko tayari kuiachia shule kipande cha kufika kwenye mkuyu, lakini safari hii anataka kiandikwe, na anataka jina la mume wake liwepo kwenye maandishi hayo. Tunaona ni haki yake, na tunaona si haki kukichukua bure. Familia ina vijana wanaosoma. Kamati inapendekeza chama kikinunue kwa bei watakayokubaliana wao na sisi mbele ya serikali ya kijiji, kisha mpima ardhi mwenye leseni aje apime eneo lote kwa siku moja, majirani wote wakiwepo, aweke bikoni, na hati itafutwe kwa jina la shule. Makisio ya gharama yamechapishwa nyuma ya kijitabu hiki, kila kifungu na bei yake. Sisi ni wahasibu. Mkiona kifungu hamkielewi, tuulizeni kabla ya kutoa ahadi, msituulize baada ya kutoa.

Ombi la pili halina gharama kubwa. Desemba hii, siku mbili baada ya Krismasi, tutaweka meza shuleni pamoja na mashine ya kunakili picha. Njooni na picha zenu. Hatutazichukua. Tunanakili ukiwa umesimama hapo, unaondoka nazo. Tunataka za harusi, ubatizo, kipaimara, misiba, timu za mpira, duka la baba, lori la mjomba. Msiziteue kwa uzuri. Mnaona goli la miti lilivyotusaidia, na mpigapicha hakulitaka lile. Picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu msiibandue, ileteni na kioo chake. Na nyuma ya kila picha andikeni majina kwa penseli laini, msitumie kalamu ya wino, maana wino hutokeza upande wa pili. Andikeni jina la kila mtu, hata la mtoto aliyejificha nyuma ya gauni. Kama mama yako yuko hai, kaa naye jioni moja umwulize huyu ni nani na yule ni nani. Sisi wanne tulikuwa na wazee kumi na wawili kwenye orodha yetu ya kuwahoji. Tulipoanza walikuwa kumi na wawili. Leo ni tisa.

Wazee mliovuka mpaka usiku miaka ile ya 1977 hadi 1983, tunawaomba pia. Hatutaandika majina yenu kama hamtaki. Dereva wetu ana kinasa sauti kwenye simu na ana subira, amezoea foleni za mpakani.

Na jambo la mwisho. Tulipokuwa tunaaga, bibi alituomba nakala kubwa ya ile picha ya mwaka 1974. Msichana wa tatu kutoka kushoto, mstari wa mbele, aliyeshika mkono wa mwenzake, ni binti yake wa kwanza. Alifariki mwaka uliofuata, na ile ndiyo picha pekee ya binti huyo aliyo nayo. Tumeichapisha na kuitia fremu, iko pale mlangoni kwenye meza ya michango, mtaiona mkipita. Desemba tutampelekea. Kama kuna mtu humu ndani alisoma darasa hilo na anajua majina ya wengine watatu ambao bibi hawakumbuki, penseli iko pembeni ya fremu.

 Karibuni chakula.